Mantra ni nini? Jinsi Wahindu wa Kisutu wanavyotuliza akili, na pale daktari anapohitajika

Kariakoo haina muda wa kupumua. Honi za bodaboda, makuli na mikokoteni, wapiga debe, simu za wadai. Lakini ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea katikati ya jiji, mwendo mfupi tu kwa miguu, unafika mtaa wa Kisutu wenye mahekalu kadhaa ya Wahindu. Humo asubuhi na jioni kuna ibada, na kuna watu wanaokaa kimya wakirudia maneno yale yale mara mia na zaidi. Maneno hayo ndiyo mantra.

Maana yake

Mantra ni silabi, neno au sentensi fupi takatifu, mara nyingi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Neno lenyewe limetokana na "man", yaani kufikiri, na "tra", yaani chombo. Kwa hiyo ni chombo cha akili. Kitendo cha kuirudia huitwa japa.

Fupi na maarufu kuliko zote ni Om. Gayatri ina silabi 24 na imo ndani ya Rigveda, maandiko yenye umri wa miaka 3,000 hivi. Ni ombi la kuangaziwa akili. Mahamrityunjaya huelekezwa kwa Shiva na husomwa sana wakati wa ugonjwa au hofu ya kifo. Wafuasi wa Krishna wana mantra yao ya maneno 16.

Hapa watu wengi huchanganya: si kila Mhindi ni Mhindu. Wahindi wengi wa Kisutu, Upanga na Kariakoo ni Waislamu, wakiwemo Ismailia, Ithnaasheri na Bohora. Wapo pia Singasinga, Wajaini na Wakristo wenye asili ya Goa.

Inafanywaje?

Anayefanya japa hushika mala, mfano wa tasbihi yenye shanga 108. Nyingine hutengenezwa kwa mbegu za rudraksha, nyingine kwa mti wa tulsi, jamii ya mrehani. Kila shanga ni mantra moja. Kuna shanga moja kubwa ya ziada ambayo hairukwi. Ukiifikia, unageuza mala na kuanza kurudi ulikotoka.

Inaweza kutajwa kwa sauti, kwa kunong'ona au moyoni tu. Walimu wengi husema ya moyoni ndiyo ngumu zaidi, maana hapo mawazo hutoroka kirahisi. Yakitoroka, mtu hajilaumu, anarudi kwenye shanga inayofuata.

Muda unaopendwa zaidi ni kabla ya jua kuchomoza. Kwa Dar ni kama saa 10 na nusu hadi saa 11 na nusu alfajiri, wakati ambao adhana ya alfajiri nayo inasikika Kariakoo.

Kwa nini akili inatulia?

Sababu ya kwanza ni pumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ utafiti wa watu wazima 23 wenye afya. Waliporudia mantra, na pia waliposali Ave Maria ya rozari kwa Kilatini, pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpangilio mzuri zaidi.

Sababu ya pili ni mawazo yenyewe. Mwenye mkopo wa kausha damu, pango la fremu lililofika na mzigo uliokwama bandarini halali. Kichwa kinapiga hesabu ile ile usiku kucha. Mantra inakipa kichwa kazi nyingine, ndogo na isiyo na hofu ndani yake. Deni linabaki pale pale, ila mtu anaweza kupata utulivu wa kulikabili kesho yake.

Mwaka 2011 watafiti wa Bangalore, India, walipima ubongo wa watu 12 wakitamka Om. Waliona sehemu zinazohusika na hisia kali zikipunguza kazi. Hata hivyo, watu 12 ni wachache, na utafiti huo haukuthibitisha kwamba mantra inatibu ugonjwa.

Waislamu na Wakristo je?

Kwa Mhindu, mantra ni ibada. Anayeitaja anamwita Mungu kwa jina. Ndiyo maana Muislamu au Mkristo anaweza kusita kuitumia kama zoezi tu, na kusita huko kunaeleweka.

Lakini hapungukiwi kitu. Muislamu ana dhikiri na kuvuta uradi kwa tasbihi. Mkatoliki ana rozari, ambayo kwenye utafiti wa Italia ilileta utulivu ule ule. Pumzi ya polepole haiulizi dini.

Inapoishia

Mantra inaweza kusaidia msongo wa kawaida wa maisha. Sonona ni jambo lingine. Mtu akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, akapoteza furaha na kila kitu au kujiona hana thamani, aende hospitali. Akiwaza kujidhuru, asisubiri hata siku moja, na asiachwe peke yake.

Anayesikia sauti zisizokuwepo asijifungie kwa saa nyingi akitaja mantra. Mazoezi mazito ya namna hiyo yanaweza kumzidishia hali. Na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kujisikia vizuri baada ya sala.

Kwa Dar, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa hayo.

Wahindu wa jiji hili wenyewe hawajawahi kuona sala na tiba kuwa maadui. Jumuiya yao ndiyo inayoendesha Hospitali ya Hindu Mandal, humo humo mjini, na inatibu watu wa dini zote. Mgonjwa anasomewa mantra, na dawa anameza.