Sisi Tupo Wapi?

Hapa kwetu Msasani, Tukuyu, tunasema tunapanda kwenda Mbeya na tunateremka kwenda Kyela. Ramani ya shuleni nayo inakubali: kaskazini juu, kusini chini. Sasa hebu tuigeuze.

Mwaka 1154, huko Palermo katika kisiwa cha Sisilia, mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi alimaliza kitabu chenye ramani 70 alichomwandalia Mfalme Roger wa Pili, Mkristo. Ziunganishe zote, utakuta kusini ndiko juu. Pwani yetu, nchi ya Zanj, inapita kileleni mwa dunia. Malindi imo, Mombasa imo, Sofala imo. Kwa ramani hiyo, Kyela ingekuwa juu, na Mlima Rungwe chini yetu!

Nilipomwonyesha mdogo wangu picha yake, aliuliza jambo moja tu: "Kaka, sisi tupo wapi?" Nikatafuta. Nyuma ya Mombasa na Malindi, patupu. Jamani, niliona aibu kana kwamba nimeambiwa sina babu.

Niliposoma zaidi, nikaelewa. Al-Idrisi hakufika huku. Aliwauliza wasafiri na kusoma vitabu vya waliomtangulia, na wafanyabiashara wa bahari walifuata pepo: kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni, kusi ikawarudisha. Jahazi halipandi mlima. Walichokijua vizuri ni bandari, na ramani ikaishia bandarini.

Lakini mali je? Al-Idrisi mwenyewe anataja chuma cha Zanj kilichonunuliwa na Wahindi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anataja dhahabu iliyotoka bara kwenda Sofala. Nani aliichimba? Nani aliibeba? Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, ilipatikana sarafu ya Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyetawala Ibn Battuta alipofika. Basi walikuwepo watu walioijua njia ile, wakaipita kwa miguu, bila kuchorwa na mtu.

Sisemi dhahabu ile ilipita Tukuyu. Hapo nitakuwa natunga hadithi. Nasema hivi: ule weupe kwenye karatasi ni mwisho wa habari za mchora ramani, si mwisho wa watu.

Mdogo wangu nilimjibu hivyo. Akachukua penseli, akatia nukta pale penye weupe, akaandika: Msasani. Sikuifuta, ingawa kitabu chenyewe ni cha kuazima.