Simu za mezani zisizo na waya: Hesabu laini kabla ya kuhesabu mikono

Na Mwandishi Wetu

OFISI nyingi za mijini hununua simu za mezani zisizo na waya kwa kutazama picha iliyo kwenye boksi. Boksi likionyesha simu nne zilizopangwa safu, mnunuzi huamini kwamba amepata njia nne za mazungumzo, na kwamba wafanyakazi wake wanne wataweza kuzungumza na wateja wanne kwa wakati mmoja.

Ukweli hujitokeza siku ya kwanza ya kazi. Karani wa mapokezi akiwa anazungumza na mteja, mhasibu anayenyanyua simu yake hawezi kupiga nje, na mteja wa pili anayejaribu kuingia husikia mlio wa kumwarifu kuwa namba inatumika. Kilichonunuliwa ni simu ya laini moja yenye mikono minne. Kwa zahanati au duka la dawa, kosa hilo lina maana ya mgonjwa aliyepiga mara tatu bila kupokewa, kisha akaenda kwingine.

Mfumo wa simu isiyo na waya una sehemu mbili. Kuna kitako, ambacho hukaa mezani au hutundikwa ukutani, huchomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na laini. Kisha kuna mikono ya simu, ambayo huzungumza na kitako kwa mawimbi ya redio na hurudi kwenye chaja zake. Mikono inaweza kuongezwa hadi sita au zaidi bila kuongeza hata laini moja. Idadi ya mazungumzo ya nje kwa wakati mmoja huamuliwa na laini zinazoingia kwenye kitako, na kwa uwezo wa kitako chenyewe kuzipokea.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe anataka simu ngapi, bali ni watu wangapi huhitaji kuzungumza na watu wa nje kwa wakati mmoja. Njia rahisi ya kupata jibu ni kuweka daftari mapokezi kwa wiki moja, na kuandika kila mara mtu anapotaka kupiga akakuta laini imeshikwa. Ofisi yenye watu wanane inaweza kugundua kwamba laini mbili zinaitosha kabisa, ilhali duka lenye watu watatu wanaopokea oda kutwa nzima likahitaji tatu.

Simu za laini mbili ndizo zinazopatikana zaidi katika kundi hili. Mkono wa simu ya namna hiyo huwa na vitufe au alama zinazoonyesha laini ya kwanza na ya pili, na humwezesha mtumiaji kumweka mtu mmoja asubiri huku akimpokea mwingine, au kuwaunganisha wote watatu katika mazungumzo mamoja. Zipo za laini nne pia, lakini ni chache na ghali. Anayehitaji zaidi ya hapo aachane na simu za dukani, aende kwa fundi wa swichibodi au achague mfumo wa intaneti, ambao utaelezwa baadaye.

Jambo moja husahaulika na karibu kila mtu. Laini mbili zina namba mbili. Mteja anaijua ile iliyoandikwa kwenye bango, na ikishikwa, haimsaidii kitu kwamba ya pili ipo wazi, kwa kuwa yeye hana namba yake. Dawa yake haiuzwi dukani, ni huduma ya kampuni ya simu yenyewe: laini hufungwa pamoja ili anayepiga namba kuu apelekwe moja kwa moja kwenye laini iliyo wazi. Omba huduma hiyo, na ulizia gharama yake, kabla ya kulipia kifaa. Bila hiyo, laini ya pili itabaki kuwa ya kupigia tu.

Nyumbani hali ni tofauti kidogo. Wanaohitaji laini mbili nyumbani aghalabu ni wale wanaofanyia kazi hapo hapo: wakili, mshonaji anayepokea oda, mwalimu wa masomo ya ziada. Kwao la muhimu ni kila laini kuwa na mlio wake, ili watoto wasipokee simu ya biashara, na kuwe na uwezo wa kuzuia mkono mwingine usiingilie mazungumzo yanayoendelea. Kipengele hicho cha mwisho hakiandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kiulizie.

Swali la pili ni laini inatoka wapi. Miaka ya 1990 jibu lilikuwa moja, nalo ni waya wa shaba kutoka kwenye nguzo ya kampuni ya simu ya taifa. Leo laini za mezani ni chache mno zikilinganishwa na za mkononi, ingawa taasisi nyingi bado huthamini namba inayoanza na 022 Dar es Salaam au 020 Nairobi, kwa sababu humwonyesha mteja kwamba kuna ofisi yenye mahali. Namba hiyo sasa yaweza kufika kwa waya wa shaba, kwa mkongo wa mwanga, au kwa akaunti ya simu za intaneti.

Kuna pia ile simu ya mezani inayotumia kadi ya simu kama ya mkononi, ambayo ilienea sana miaka ya 2000 na ambayo wengi huiita simu isiyo na waya. Isichanganywe na hii tunayoizungumzia. Ile hupata laini yake mnarani. Hii husambaza ndani ya jengo laini ambayo tayari umeipata. Baadhi ya zile za kadi huwa na tundu la nyuma ambamo kitako cha simu isiyo na waya huweza kuchomekwa, na hapo vifaa hivyo viwili hufanya kazi pamoja vizuri.

Wenye mkongo watazame kifaa kilichofungwa ukutani na mafundi. Mara nyingi kina tundu moja au mawili ya simu kando ya yale ya intaneti, na simu ya kawaida isiyo na waya huingia humo kama ilivyokuwa ikiingia kwenye tundu la waya wa shaba. Muulize mtoa huduma kama tundu hilo limewashwa.

Kwa ofisi inayokua, mfumo wa intaneti ndio wenye nafasi zaidi. Kitako huunganishwa na rauta badala ya waya wa simu, na kila namba huwa akaunti. Kitako cha Yealink W60B, kwa mfano, huchukua mikono minane na mazungumzo manane kwa wakati mmoja. Mazungumzo mamoja yenye sauti ya ubora wa kawaida wa simu huhitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, hivyo mazungumzo manne hayafiki hata nusu ya megabiti. Tatizo kwa kawaida haliwi kasi. Huwa ni intaneti inayoyumba, au kijana wa ofisini anayepakua filamu saa nne asubuhi. Rauta inayoweza kuipa sauti kipaumbele huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Suala la masafa ya redio linastahili uangalifu wa pekee, hasa kwa wenye ndugu ng'ambo. Simu nyingi za kisasa za aina hii hufuata kiwango kiitwacho DECT, kilichobuniwa Ulaya. Ulaya na katika nchi nyingi za dunia hutumia megahezi 1880 hadi 1900. Kitako kimoja cha DECT kina nafasi 12 za mazungumzo hewani, kwa hiyo hewani hakuna ufinyu. Kinachobana ni laini.

Zinazouzwa Marekani na Kanada kwa jina la DECT 6.0 hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Wengi hudhani kuwa 6.0 ni toleo jipya zaidi, au kwamba simu hizo hufanya kazi katika gigahezi 6. Si hivyo. Ni jina la kibiashara tu, lililobuniwa katika soko ambalo lilikuwa limezoea kushindana kwa tarakimu, kutoka gigahezi 2.4 hadi 5.8.

Madhara yake huku kwetu ni ya kweli. Megahezi 1920 hadi 1980 ndizo zinazotumiwa na simu za mkononi kupeleka mawimbi mnarani katika mfumo wa 3G. Kitako cha Kimarekani kikiwashwa Sinza au Eastleigh hutangaza mfululizo ndani ya masafa hayo, na kinaweza kuvuruga mawasiliano ya mnara wa jirani. Vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa vimethibitishwa na TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na zawadi iliyokuja ndani ya sanduku la shangazi haijapita huko.

Kuna na la umeme. Adapta nyingi za simu hizo zimetengenezwa kwa volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupokea zawadi ya namna hiyo, ikatoa moshi kabla haijatoa mlio. Kabla ya kuchomeka chochote, soma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta. Fanya hivyo hata kwa bidhaa zilizonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa kuwa bidhaa zilizolengwa masoko tofauti huweza kukutana kwenye rafu moja.

Simu za zamani za gigahezi 2.4 bado huonekana katika maduka ya mitumba. Hizo hugombana na intaneti isiyo na waya inayotumia masafa hayo hayo, na haifai kuzinunua hata zikiwa bei ya kutupa.

Kuhusu umbali, watengenezaji huandika mita 300 nje na mita 50 ndani. Takwimu hizo ni za uwanja mtupu na za jengo lenye kuta nyepesi. Zege lenye nondo, tangi la maji na kabati la chuma hula mawimbi. Kitako kiwekwe katikati ya jengo na juu kidogo, kisifichwe nyuma ya kabati la mafaili. Kisha mtu apige simu na kutembea nayo hadi chumba cha mwisho huku akizungumza. Sauti ikikatika, kuna virudishi mawimbi, ila virudishi vya kampuni moja si lazima vifanye kazi na kitako cha nyingine. Mikono yenyewe huchanganyika vizuri zaidi: yenye alama ya GAP huweza kusajiliwa kwenye kitako cha GAP cha kampuni nyingine kwa kupiga na kupokea, ingawa vitu kama kitabu cha majina hupotea.

Umeme ukikatika, simu ya zamani ya waya iliendelea kulia, kwani ilipata volti 48 kutoka kwenye kituo cha kampuni ya simu kupitia waya ule ule wa shaba. Kitako kisicho na waya hufa papo hapo, hata kama betri ya mkono imejaa. Baadhi ya modeli humruhusu mtu kuweka mkono mmoja juu ya kitako ili betri yake ikiendeshe kwa muda, lakini ni chache. Mwenye laini ya shaba aweke simu moja ya waya, hata ya bei ndogo kabisa, sehemu ambayo kila mmoja anaijua, kwani ndiyo itakayopiga 112 usiku wa giza.

Mkongo haubebi umeme, hivyo mwenye mkongo anahitaji UPS kwa vifaa vyote: kile cha mkongo, rauta na kitako. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Vifaa hivyo vikila wati 15 kwa pamoja, kwa hesabu ya karatasi ni zaidi ya saa tano. Kwa hali halisi tarajia karibu nusu yake, kwa sababu UPS nayo hula na betri huzeeka.

Wenye siri za wateja, kama mawakili na madaktari, wahakikishe usimbaji wa mazungumzo umewashwa. Desemba 2008, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Berlin, ilionyeshwa jinsi kadi ya bei nafuu ya kompyuta ilivyoweza kunasa mazungumzo ya simu za DECT ambazo hazikuwa zimesimbwa. Namba ya siri ya kitako, ambayo aghalabu hutoka kiwandani ikiwa 0000, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Betri za mikono mara nyingi ni mbili ndogo za AAA za kuchaji, na huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Zinunuliwe za kuchaji tu. Za kawaida za redio zikiwekwa kwenye chaja huweza kuvuja au kupasuka. Modeli zenye betri ya umbo la pekee ziepukwe, kwa sababu betri hiyo ikitoweka sokoni, mfumo mzima utakuwa umekwisha.