Mwalimu wa kompyuta: kazi yake, elimu yake na jinsi ya kumpima

Tukifungua simu katika kipindi cha vijana na ajira, swali hili halikosi: "Mwanangu amemaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Je, anaweza kufundisha?" Mzazi mmoja alitueleza kuwa aliuza mbuzi wanne alipe ada. Binti akarudi na cheti kinachong'aa, lakini akipewa kompyuta hawezi kuandika barua na kuihifadhi. Maelezo haya tumeyaandaa kwa anayetaka kuifanya kazi hii, na pia kwa anayelipa ada.

Kazi yenyewe ikoje?

Siku ya mwalimu wa kompyuta huanza kabla wanafunzi hawajafika. Anawasha mashine zote, anaangalia ipi imegoma, kisha anaandaa zoezi. Darasani anafundisha kushika kipanya, kuchapa, kupanga faili, kupiga hesabu kwenye majedwali, kutumia barua pepe na kulinda nywila. Wanafunzi wakiondoka, anasahihisha kazi zao na kuondoa virusi.

Mwalimu mzuri hamnyang'anyi mwanafunzi kipanya. Asiye na subira humpokonya, akabofya mwenyewe, akauliza, "Umeona?" Ni kweli mwanafunzi ameona, ila mkono wake haujajifunza kitu.

Umeme nao ni somo

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake mara nyingi hutumia wati 100 hadi 200. Kompyuta mpakato hutumia kama wati 30 hadi 65. Tuchukulie darasa lina mashine kumi. Za mezani, kwa wati 150 kila moja, zinahitaji wati 1,500. Mpakato, kwa wati 50 kila moja, zinahitaji 500 tu. Kwa kijiji kinachotegemea sola, tofauti hiyo ni kubwa. Isitoshe, umeme ukikatika, mpakato yenye betri nzima haizimiki ghafla na kazi ya mwanafunzi haipotei. Hata hivyo, mwalimu makini huwazoesha wanafunzi kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache.

Anasomea wapi?

Hapa Tanzania njia ziko zaidi ya moja. Anayetaka kufundisha shule ya sekondari huhitaji stashahada au shahada ya ualimu yenye somo la kompyuta au TEHAMA. Kwa upande wa ufundi stadi, kujua fani peke yake hakutoshi. Mkufunzi hujifunza pia namna ya kufundisha. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kilicho chini ya VETA, huandaa walimu wa aina hiyo.

Cheti cha miezi mitatu kinaweza kuwa mwanzo mzuri wa safari. Mwenye nacho anaweza kumsaidia mwalimu au kufanya kazi katika duka la kuchapa huku akiendelea kusoma. Lakini kukabidhiwa darasa peke yake ni mapema mno.

Kabla hujalipa ada

Kwanza, uliza usajili wa chuo. Baraza linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi linaitwa NACTVET. Omba namba ya usajili, kisha uihakiki kwa baraza lenyewe. Usitosheke na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Pili, hesabu mashine zinazowaka. Wanafunzi 20 wakigawana mashine tano kwa somo la saa mbili, kila mmoja atashika kompyuta kwa dakika 30 tu.

Tatu, omba kukaa darasani kwa somo moja. Tazama kipanya kiko mkononi mwa nani.

Nne, kozi ikiendelea, mpime mwanao. Mwambie aandike barua fupi, aihifadhi, aifunge, kisha aifungue tena bila kusaidiwa. Akishindwa baada ya mwezi mzima, nenda ukaongee na mwalimu mapema, kabla ya siku ya kupokea cheti.

Na wewe kijana unayeipenda kazi hii, anza na aliye karibu. Mfundishe mama au jirani kutuma ujumbe kwa simu yake, mikono yako ikiwa nyuma. Ukiweza kungoja hadi afaulu mwenyewe, ualimu unaufaa.