Maji, Majira na Michezo katika Bonde la Kerio



Baada ya kupitia hesabu za fedha na kazi za kamati, yafaa tutulie kidogo tuikumbuke nchi ambayo kwa ajili yake twachanga fedha zetu. Wengi wetu twaishi mijini, na watoto wetu hulijua Bonde la Kerio kwa safari za Desemba tu. Wakifika huko huona wakimbiaji barabarani na wageni wanaoruka angani kwa miavuli, nao hudhani kuwa sifa ya nchi hiyo ilianza jana. Makala hii yataka kuonyesha kwamba michezo hiyo imeota juu ya shina la zamani, nalo ni desturi ya watu kuyafuata majira kwa pamoja. Shina hilo lahitaji kutunzwa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Upande wa magharibi kuna milima ya Cherangani na ukingo mrefu wa Elgeyo. Upande wa mashariki kuna vilima vya Tugen. Katikati hupita mto Kerio, ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Mji wa Iten, ulioko ukingoni, una kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali sakafu ya bonde iko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Mtu akishuka kwa miguu asubuhi kutoka ukingoni huanza safari katika baridi na ukungu, na kabla ya adhuhuri huwa amefika kwenye migunga na joto kali. Wazee waliigawa nchi hiyo sehemu tatu: nyanda za juu zenye misitu na malisho, ziitwazo mosop, mteremko wa katikati wenye vidaraja vya ardhi, na nchi ya chini yenye joto na udongo mwepesi.

Wamarakwet, na Wakeiyo walioko kusini mwao, walijenga nyumba zao zaidi katika mteremko wa katikati. Kwa mgeni jambo hilo laweza kuonekana la ajabu, maana mawe ni mengi na mahali pa kujenga ni padogo. Lakini lilikuwa na sababu zake. Chini kulikuwa na malaria, na maadui waliokuja kuteka mifugo waliweza kufika upesi. Juu kulikuwa na baridi. Katikati mtu alikuwa salama, naye aliweza kushuka kulima na kupanda kuchunga. Maisha yote yakawa ya kupanda na kushuka, na miguu ya watu ikazoea mlima tangu utotoni.

Mvua ya bonde haitoshi kila mwaka, wala haiji siku inayotakiwa. Kwa hiyo Wamarakwet walichimba mifereji. Maji ya mito itokayo Cherangani, kama vile Embobut na Arror, yalizuiwa kwa mawe, magogo na matawi, kisha yakaongozwa kandokando ya mteremko hadi mashambani. Penye mwamba usiochimbika, walijenga ukuta wa mawe wa kuubeba mfereji, au wakaweka magogo yaliyochongwa ndani yawe daraja la maji. Hawakuwa na darubini za kupimia ardhi; walipima kwa jicho na kwa maji yenyewe. Kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 200, na mifereji yenyewe imetapakaa chini ya ukingo kwa mwendo wa kilomita 40 hivi. Katika Afrika Mashariki ni michache mifano ya kazi ya namna hii iliyo mikubwa kiasi hicho na ingali ikitumika.

Hata hivyo, mfereji si mawe tu; ni sheria pia. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya maji, nayo iligawanywa kwa zamu, mchana na usiku. Wanaume walikutana chini ya mti katika baraza liitwalo kokwo, wakaamua nani afungue maji, lini, na kwa muda gani. Mafuriko yalipobomoa kizuizi mtoni, wenye mfereji wote waliitwa kazini. Aliyekosa kufika bila sababu alitozwa faini, na mwizi wa maji vivyo hivyo. Hapakuwa na karani wala daftari. Ushahidi ulikuwa kumbukumbu za watu waliokaa pamoja. Ni haki kusema pia kwamba desturi iliwazuia wanawake wasiende kwenye kizuizi cha mfereji wala wasiseme katika mambo ya maji, ingawa sehemu kubwa ya kilimo ilikuwa mikononi mwao. Tunapoisifu hekima ya wazee, tusiufiche upande huo.

Mwaka ulikuwa na mwendo wake. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mifereji ilisafishwa na mashamba mapya yakafyekwa. Mvua za Machi na Aprili zilipokaribia, watu walipanda ulezi, ambao kwetu huitwa wimbi, pamoja na mtama. Mahindi, maembe na mazao mengine ya biashara yaliongezeka baadaye. Masuke yalipoanza kukomaa, watoto walikaa shambani wakiamia ndege kutoka asubuhi hadi jua lilipozama. Wavulana walichunga mbuzi katika majabali, na wanaume walitundika mizinga ya magogo mitini ili wapate asali. Kisha yakaja mavuno, nafaka ikapandishwa mteremkoni kwa migongo ya akina mama, ikawekwa ghalani.

Ghala zikijaa ndipo ulipofika wakati wa mapumziko. Pombe ya wimbi na ya asali ilitengenezwa, watu walitembeleana, ngoma zikachezwa, na vijana wakaingizwa jandoni katika rika zao. Yafaa tulitambue jambo hili vizuri: starehe haikuwa kitu cha mtu mmoja aliyejitenga na wenzake. Aliyecheza katika ngoma ya mavuno ndiye aliyebeba mawe ya mfereji miezi michache iliyopita, na pombe aliyokunywa ilitokana na ulezi ulionyweshwa kwa zamu yake. Kazi na mchezo vilikuwa vya watu wale wale, na haki ya kimoja ilitokana na cha pili.

Ukoloni uliukatiza mwendo huo kwa namna yake. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alipita katika nchi hizi, na miaka michache baadaye ikaja serikali ya Waingereza. Uwanda wa Uasin Gishu uligawiwa walowezi, na sehemu kubwa ya misitu na malisho ya Wakeiyo huko juu ikatwaliwa katika eneo alilokodishwa Mwingereza Ewart Grogan. Watu wengi walibaki kuishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi, wakitoa kazi ili wapate ruhusa ya kuchunga. Ngazi ya kupanda na kushuka ikakatwa kidato cha juu. Tambach, iliyoko mteremkoni, ikawa makao makuu ya wilaya, na pamoja na ofisi zikaja shule, kodi na mashindano ya riadha. Hivyo mbio, ambazo zamani zilikuwa sehemu ya uchungaji na safari, zikaanza kupimwa kwa saa na kutuzwa zawadi.

Kutokana na mwanzo huo mdogo yametoka makubwa. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell aliwasili kutoka Ireland kufundisha katika shule ya St. Patrick's, Iten, akageuka kuwa mwalimu wa wakimbiaji. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Moses Kiptanui, mwana wa Marakwet, mwaka 1995 alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 chini ya dakika nane. Ezekiel Kemboi, naye wa Marakwet, alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mwaka 2004 na mwaka 2012. Vivian Cheruiyot wa Keiyo alipata dhahabu ya mita 5,000 mwaka 2016. Wataalamu hueleza kwamba hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na mwili ukiizoea huongeza chembe nyekundu za damu. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini miinuko mingi duniani ina hewa nyepesi bila kutoa mabingwa. Iten wakimbiaji huamka kabla ya jua na kukimbia kwa makundi, anayechoka akivutwa na wenzake, na watoto wa shule hufanya mazoezi wakati wa likizo. Kukimbia kwa kundi ni jambo lisilo geni kwa watu waliozoea kufanya kazi kwa kundi.

Kiangazi kina mchezo mwingine mpya. Kati ya Desemba na Machi, sakafu ya bonde inapopata joto, hewa hupanda na kuugonga ukingo, nayo huweza kumwinua mtu aliyefungwa kwenye mwavuli mkubwa wa kurukia. Wageni kutoka nchi za mbali huja kuruka hapo. Barabara iendayo Kabarnet huvuka Kerio kwenye korongo jembamba la Cheploch, na huko vijana huruka kutoka miambani hadi majini huku wasafiri wakitazama. Karibu na mto kuna hifadhi ya Rimoi, iliyotangazwa mwaka 1983, ambamo tembo wangali wakiishi. Yote hayo huleta fedha, na fedha hizo zafaa kupokelewa kwa shukrani.

Lakini tuangalie zinaingia wapi. Nyumba za wageni, kambi za mazoezi na lami viko zaidi ukingoni juu. Mifereji iko chini, na mikono ya kuitengeneza inapungua. Kijana mwenye nguvu za kubeba mawe huona afadhali akajaribu bahati yake katika mbio, na hatuwezi kumlaumu. Mashambulizi ya wizi wa mifugo yamewafanya watu wengi wayaache mashamba yao ya chini. Tena mteremko wenyewe umeonyesha hasira: maporomoko ya ardhi yaliua watu huko Chesegon mnamo Aprili 2020, na usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025 yalizoa nyumba za Chesongoch na kuua zaidi ya watu 20. Mvua kubwa ndiyo iliyoyaleta, lakini miti iliyokatwa huko juu haiwezi tena kuushika udongo. Misitu ya Cherangani ndiyo chanzo cha mito, mito ndiyo chakula cha mifereji, na mifereji ndiyo uhai wa bonde. Atakayekata juu atakuwa amekata na chini.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, historia hii haikuandikwa ili itufurahishe tu. Desemba tunaporudi nyumbani ni mwezi ule ule ambao wazee walishika majembe kuisafisha mifereji. Kila mwanachama na atoe walau siku moja ya likizo yake kwa mfereji wa ukoo wake, na asiyeweza kubeba jiwe abebe gharama ya chakula cha wabebao. Vijana wetu waliosoma wakae na wazee, wayaandike majina ya mifereji, zamu zake na mipaka yake, maana shahidi akifa bila kuandikwa huzikwa na ushahidi wake. Akina mama wapewe kiti katika baraza la maji, kwa kuwa hakuna aijuaye thamani ya maji kuliko wao. Na wanaopata faida kwa wageni na michezo watenge kitu kwa ajili ya kupanda miti huko juu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haujapata kujenga mfereji. Watoto wetu na waendelee kukimbia, na wageni waendelee kuruka. Nasi tuhakikishe kwamba chini yao kuna shamba lenye maji, na juu yao kuna mlima uliosimama.