Gharama ya kuchimba ardhi Amu: kati ya sururu na katapila

MWENYE kiwanja katika kisiwa cha Amu anayetaka kuchimba msingi, tangi la maji au shimo la choo hukabiliwa na hesabu ambayo mwenzake wa Hindi au Mpeketoni hana haja ya kuifanya. Bara, mtambo huagizwa kwa simu ukaja kwa magurudumu yake au juu ya trela. Amu, mtambo uo huo ni lazima upakiwe kwenye tishali, uvushwe kutoka Mokowe, ushushwe ufuoni, kisha utafutiwe njia ya kufikia kiwanjani. Mara nyingi njia hiyo haipo. Kwa sababu hiyo bei ya saa moja ya mtambo, ambayo ndiyo wengi huiulizia kwanza, aghalabu huwa sehemu ndogo tu ya gharama yote.

Mitambo ya kuchimba hukodishwa kwa saa, kwa siku au kwa mita ya ujazo. Anayelipa kwa saa hubeba hasara ya kila kuchelewa, ilhali anayelipa kwa mita ya ujazo hubeba hasara ya kipimo kibaya. Aidha, ipo tofauti kubwa kati ya bei inayojumuisha mafuta na dereva, na ile ya mtambo mtupu. Katapila ya tani 20, yenye ndoo ya takriban mita moja ya ujazo, huweza kumeza lita 15 za dizeli au zaidi kwa saa moja ya kazi nzito. Trekta la kuchimbia lenye kijiko mbele na mkono nyuma, ambalo Wakenya wengi huliita JCB hata likiwa la kampuni nyingine, huwa na uzito wa tani nane hivi na hutumia mafuta machache zaidi. Mwenye kusikia bei nafuu bila kuuliza dizeli ni ya nani hugutuka siku ya pili.

Jambo la pili ni ujazo. Udongo ukiwa ardhini umeshindiliwa, ukichimbwa huvimba. Mchanga na udongo wa kawaida huongezeka kwa kiasi cha robo hivi, na mwamba uliovunjwa huweza kuongezeka kwa nusu au kuzidi. Chukuliwe mfano wa msingi wenye urefu wa mita 40, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90. Shimo lenyewe ni mita za ujazo 21.6, lakini kifusi kinachorundikana pembeni ni kama mita 27, chenye uzito wa tani 35 hivi. Bara, lori la tani 10 hukimaliza kwa safari nne. Katika mji wa kale wa Amu, ambako lori haliingii, kifusi hicho hupakiwa katika shogi za punda. Punda mmoja akibeba kilo 60 kwa safari, hizo ni safari zipatazo 580, na kila safari ina malipo yake. Hata kilo hizo 60 ni mzigo wa kutosha kwa punda wetu, ambao si wakubwa wa umbo. Kituo cha kutibu punda kilichopo Amu tangu 1987 hakikuanzishwa bila sababu.

Ni hesabu hiyo inayoeleza kwa nini sururu, mtaimbo na karai havijatoweka kisiwani. Kibarua mzoefu huchimba takriban mita tatu za ujazo kwa siku katika udongo wa wastani. Akikutana na jiwe la matumbawe, hushuka hadi mita moja au chini yake. Kule Maweni, kisiwani Manda, mawe ya kujengea hukatwa kwa mkono, na yeyote aliyepata kuwaona wachimbaji hao juani hahitaji kuelezwa kwa nini mita moja ni kazi ya siku nzima.

Je, ni wakati gani mtambo huwa nafuu? Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei za soko. Msomaji aweke zake mahali pake. Ikiwa kuvusha mtambo kwenda na kurudi ni Sh60,000, siku moja ya kazi ni Sh40,000, na mtambo huchimba mita 80 kwa siku, basi kila mita itagharimu Sh500 juu ya ile nauli ya bahari. Ikiwa kibarua hulipwa Sh1,000 kwa siku na ardhi ni ngumu kiasi cha kumpa mita moja tu, kila mita ni Sh1,000. Kwa msingi wetu wa mita 21.6, vibarua watachukua kama Sh22,000. Mtambo, ambao haukodishwi chini ya siku moja, utachukua Sh100,000. Pande zote mbili hulingana kwenye mita 120, kila mmoja akidai Sh120,000. Kazi ikifika mita 400, mtambo ni Sh260,000 na vibarua ni Sh400,000. Katika udongo laini, ambako kibarua hutoa mita tatu, mtambo hauna nafasi ya kushinda kwa bei hizo. Kilichobaki cha kujivunia ni haraka yake tu.

Ndiyo maana majirani wenye viwanja pembezoni mwa mji, mahali penye nafasi, hufaidika wakikodi pamoja. Nauli ya tishali ni ile ile, mtambo ukichimba shimo moja ama matano.

Nauli hiyo nayo hutegemea mwezi. Tishali lenye mzigo mzito huhitaji maji ya kutosha ili kusogea ufuoni, na maji hayo hupatikana vyema wakati wa bamvu, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtambo uliokosa bamvu huweza kulazimika kungoja maji mafu yapite, karibu wiki nzima, huku mwenye nao akihesabu siku. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, huongeza shaka hiyo.

Ndani ya mji wa kale, kuanzia Mkomani hadi Langoni, hali ni nyingine kabisa. Mji huo ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mnamo 1986, na Unesco ikautia katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001. Vichochoro vyake vilipimwa kwa punda na watu. Ipo mitambo midogo ya tani moja au mbili, yenye upana wa mita moja hivi, inayoweza kupenya baadhi ya njia, lakini hukutana na vipandio, mitaro ya maji machafu na wikio zilizojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba. Kilicho kibaya zaidi ni mtikisiko. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hata zikiwa na unene wa nusu mita, hazikujengwa kustahimili nyundo ya chuma ikipiga mwamba hatua mbili kutoka zilipo. Ukuta wa jirani ukipasuka, akiba yote iliyopatikana kwa kutumia mtambo hulipwa mara kadhaa. Inafaa picha za nyufa zilizopo zipigwe mbele ya jirani kabla ya sururu ya kwanza kushuka, ili pasizuke ugomvi kuhusu ufa upi ni mpya.

Hali kadhalika, anayechimba Amu hajui atakachokikuta. Visiwa hivi vina magofu ya Manda, Takwa na Shanga, na vigae vya kale hupatikana kwa urahisi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 humtaka anayegundua kitu cha kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Kazi ikisimama, mtambo wa kulipwa kwa siku huendelea kudai. Vibarua huweza kuhamishiwa upande mwingine wa kiwanja. Kabla ya hapo, mwenye kazi awe amekwisha pata kibali cha ujenzi cha kaunti, na kwa miradi mikubwa, idhini ya Nema chini ya sheria ya mazingira ya 1999.

Maji ndiyo yanayopaswa kuogopwa kuliko vigae. Mji wa Amu hunywa maji ya visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga na kutulia chini kama tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji ya chumvi. Mchanga wa vilima hivyo ukichotwa kwa ujenzi, kichujio huondoka nao. Shimo likichimbwa kina kupita kiasi na maji yake kuvutwa kwa pampu mfululizo, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi hakirejei utamu wake haraka. Gharama hiyo haiandikwi katika bei ya mkandarasi yeyote.

Mfano mkubwa uko ng'ambo, katika ghuba ya Manda. Bandari ya Lamu, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Machi 2012 na ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilihitaji bahari ichimbwe ili meli kubwa zipate kina. Magati matatu ya kwanza yalikadiriwa kugharimu takriban Sh48 bilioni. Wavuvi walienda mahakamani, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Uamuzi huo ulifuatwa na rufaa na mazungumzo marefu.

Kwa mwenye kiwanja cha kawaida, mambo ya kuandikwa katika mkataba ni machache lakini hayana budi. Saa ihesabiwe kwa mita iliyo ndani ya mtambo, na tarakimu zake ziandikwe asubuhi na jioni pande zote mbili zikishuhudia. Ielezwe ni nani anayelipa dizeli, chakula na malazi ya dereva. Saa za kuharibika kwa mtambo zisihesabiwe. Ujazo upimwe shimoni, si kwenye rundo la kifusi, la sivyo mwenye kazi atalipia hata ule uvimbe. Mahali pa kumwaga kifusi pakubaliwe mapema, pasiwe ufuoni wala penye mikandaa. Na siku ambazo mtambo utakwama kisiwani ukingoja bamvu, ziwe zimetajwa zitakuwa juu ya nani.