Langston Hughes Alipofika Makerere

Mwezi wa Juni 1962, miezi minne kabla ya Uganda kupata uhuru, waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Chinua Achebe alikuwepo, na Wole Soyinka, na Christopher Okigbo, na Ezekiel Mphahlele kutoka Afrika Kusini. Miongoni mwa wageni alikuwa Mmarekani mweusi wa umri wa miaka sitini hivi, mpole na mcheshi, ambaye mashairi yake wengi wao waliyasoma tangu ujana. Huyo ni Langston Hughes.

Tumemchagua Hughes kwa ukurasa huu wa historia kwa sababu safari zake zilimfikisha China na Afrika Mashariki, na sisi wengi katika chama hiki tumekulia katikati ya pande hizo mbili.

Alizaliwa Joplin, jimbo la Missouri, akalelewa na bibi yake huko Lawrence, Kansas. Shairi lililomtambulisha, linalotaja mito ya kale pamoja na Kongo na Naili, alilitunga ndani ya treni akienda kwa baba yake Mexico, naye hajafika miaka ishirini. Lilichapishwa mwaka 1921. Miaka miwili baadaye alipata kazi katika meli ya mizigo iliyokwenda Afrika Magharibi. Katika tawasifu yake ya 1940 anaeleza kwamba alivitupa vitabu vyake baharini, na kwamba alipofika Afrika aliambiwa yeye si mtu mweusi, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde. (Wenzetu waliokwenda likizo kwa bibi na kuitwa Wachina watamwelewa.)

Mwaka 1926 ulitoka mkusanyiko wake wa kwanza wa mashairi, *The Weary Blues*, na mwaka huohuo akaandika insha akitetea haki ya msanii mweusi kuwaandika watu wake kama walivyo. Mashairi hayo yalichukua mdundo wa bluzi na lugha ya wapishi, wafuaji na wahudumu wa lifti. Kilipotoka kitabu cha pili, 1927, baadhi ya magazeti ya Wamarekani weusi yalimshambulia: aliwaaibisha, walisema, mbele ya wazungu. Hakubadilika. Riwaya yake *Not Without Laughter*, ya 1930, inamfuata Sandy, mtoto wa mji mdogo wa Kansas, anayelelewa na bibi anayefua nguo za wazungu. Shangazi yake Harriet anakuwa mwimbaji wa bluzi. Kwa maoni yetu Harriet ndiye roho ya kitabu, ingawa mhusika mkuu ni Sandy.

Mwaka 1932 Hughes alikwenda Moscow kutengeneza filamu ambayo haikutengenezwa kamwe. Badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja alishika njia ya mashariki, na mwaka 1933 akafika Shanghai. Huko alikula chakula na Song Qingling, mjane wa Sun Yat-sen, ambaye chuo kikuu kimoja cha hapa Guangzhou kina jina lake. Alishangaa kuona wageni wazungu wakiwabagua Wachina ndani ya China yenyewe. Ubaguzi ule aliujua tangu kwao.

Turudi Makerere. Mkutano ule ulikuwa na jina refu, na ndani ya jina hilo mlikuwa na sharti: ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo James Ngugi, mwanafunzi wa Makerere, alistahili kuingia kwa hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa. Shaaban Robert hakustahili. Baadaye, katika kitabu chake cha 1986, Ngũgĩ mwenyewe aliutaja mfano huo.

Shaaban alikuwa Tanga. Reli ya Tanga ilikuwa imeunganishwa na reli ya Uganda kupitia Moshi na Voi, kwa hiyo kilichomweka nje hakikuwa umbali. Mwezi uleule wa Juni 1962 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53.

Tukiwaweka pamoja watu hawa wawili, tunaona jinsi walivyofanana. Wote walikuwa washairi walioandika riwaya na tawasifu. Wote waliwaheshimu waimbaji wa watu maskini: Hughes na bluzi yake, Shaaban na wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Hughes aliwaandika wafuaji nguo kwa maneno yao wenyewe. Shaaban, karani wa serikali ya kikoloni, aliiponda serikali isiyosikiliza kwa mfano wa nchi ya Kusadikika, inayowafunga wajumbe wake wanaporudi na habari njema. Wangekaa meza moja, wangekuwa na mengi ya kuzungumza, japo kwa mkalimani.

Hatumlaumu Hughes. Alikuwa mgeni, na alikwisha kuhariri mkusanyiko wa maandishi ya Waafrika mwaka 1960 ili Wamarekani wayasome. Hata wenyeji wake hawakujua yote: miaka michache baadaye ilifichuka kwamba shirika la Paris lililofadhili mkutano lilikuwa likipokea fedha za CIA. Ila tofauti moja tusiifiche. Hughes alipigania Kiingereza cha mtaani dhidi ya Kiingereza cha sebuleni, lakini vyote viwili ni Kiingereza, na mlango ulimfungukia. Kiswahili cha Shaaban, hata kikiwa sanifu kiasi gani, hakikuhesabiwa.

Kwetu jambo hili si la kale. Kiswahili tulikipata nyumbani, na wengine wetu katika maduka ya Xiaobei wazazi wakipatana bei. Shuleni kilikuwa lugha ya kuzungumza na mama kwa simu, si ya kuandikia insha. Ukurasa huu ni miongoni mwa insha za kwanza ambazo baadhi yetu tumewahi kuandika kwa lugha hiyo.

Hughes alifariki New York mwezi wa Mei 1967. Mwaka uliofuata kilichapishwa *Utubora Mkulima*, Shaaban akiwa kaburini miaka sita. Muhula huu chama kitasoma *Kusadikika* na *Not Without Laughter* kwa zamu, na mjadala wa vyote viwili utakuwa kwa Kiswahili.