Nani Ameshika Faharisi? Historia ya Swali la Mwenye Tovuti

Mtu anapofungua tovuti, iwe ya asasi ya kutetea haki za ardhi, ya halmashauri ya wilaya au ya duka la vitabu, hushughulika kwanza na namna ya kuijenga. Baada ya miezi michache huja swali jingine, na hilo halimwachi tena: mbona sionekani? Kutoka hapo huzaliwa mengine. Kwa nini jana nilikuwa katika ukurasa wa kwanza wa matokeo na leo sipo? Kwa nini aliyenakili makala yangu yuko juu yangu? Je, nikilipa nitapanda?

Tumezoea kuyaona maswali haya kuwa ya mafundi wa kompyuta, na kwa hiyo tunawaachia wao. Makala haya yanayatazama kama maswali ya historia na ya siasa. Hoja yangu ni kwamba ndani ya swali la "mbona sionekani" mna maswali mawili ambayo historia yake ni tofauti. La kwanza linahusu kuingizwa katika faharisi, yaani kujulikana kuwa upo. La pili linahusu kupangwa, yaani kuwekwa juu au chini ya wengine. Jibu la swali la kwanza kwa kiasi kikubwa limo mikononi mwetu. Jibu la pili limo mikononi mwa wenye nguvu, na nguvu hiyo inastahili kuhojiwa hadharani. Tunapoyachanganya, tunailaumu kampuni ya ng'ambo kwa uzembe wetu wenyewe, na wakati huohuo tunanyamaza pale tunapopaswa kudai haki.

Kabla ya mashine

Kupanga maarifa hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1876 mkutubi wa Marekani, Melvil Dewey, alichapisha mfumo wake wa kugawa vitabu vyote katika mafungu 10, mfumo ambao bado unatumika katika maktaba nyingi duniani. Atazame mtu fungu la lugha katika mfumo huo. Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitalia 450, Kihispania 460, Kilatini 470 na Kigiriki 480. Lugha nyingine zote za dunia zimesongamana katika 490, na Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, kinapatikana 496.392. Katika fungu la dini, Ukristo umetawala sehemu kubwa ya namba za 200, ilhali Uislamu umepata 297.

Hakuna kitabu kilichokatazwa kuingia. Kitabu cha Kiswahili kimo maktabani, kina namba, na anayekijua atakipata. Hata hivyo mpango wenyewe unamwambia msomaji lipi ni shina na lipi ni tawi la mbali. Kuwamo katika orodha ni jambo moja na kupewa nafasi ndani yake ni jambo la pili, na tofauti hiyo ndiyo iliyorithiwa na mashine.

Kuingizwa: mgeni anayebisha hodi

Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, aliunda Archie, programu iliyokusanya majina ya mafaili yaliyohifadhiwa katika seva za umma ili watu waweze kuyatafuta. Archie huhesabiwa kuwa injini ya kwanza ya kutafuta katika intaneti. Wanafunzi wetu, ambao huambiwa kila siku kuwa teknolojia hii ni zao la bonde moja la California, wanafaa kukumbuka kwamba mmoja wa waasisi wake ni mtoto wa kisiwa cha Karibi.

Wavuti ulipoanza kukua, njia mbili za kutengeneza faharisi zilishindana. Ya kwanza ilikuwa ya kujieleza mwenyewe. Mwaka 1993 Martijn Koster alianzisha ALIWEB, ambamo mwenye tovuti aliandika mwenyewe maelezo ya kurasa zake na kuyawasilisha. Ilikuwa njia ya heshima, kwa kuwa hakuna aliyeingia nyumbani kwa mtu bila kualikwa. Ila wenye tovuti wachache tu walijisumbua kuandika. Njia ya pili ilikuwa ya roboti, yaani programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa na kusoma zinachokikuta. Matthew Gray wa MIT alitoa yake mwaka huohuo wa 1993, na mwaka 1994 WebCrawler ya Brian Pinkerton, Chuo Kikuu cha Washington, iliweka katika faharisi maneno yote ya ukurasa badala ya kichwa chake tu. Njia ya roboti ndiyo iliyoshinda.

Ushindi huo ulileta mgogoro mara moja. Roboti zilizoandikwa vibaya ziliweza kuilemea seva kwa maombi mfululizo. Mwaka 1994 Koster huyohuyo alipendekeza utaratibu rahisi: kila tovuti iweke faili dogo liitwalo robots.txt, linaloeleza sehemu ambazo wageni hawaruhusiwi kupita. Utaratibu huo haukuwa na polisi wala mahakama. Ulitegemea adabu, kama ilivyo kwa anayebisha hodi na kungoja kukaribishwa. Ulifuatwa kwa hiari kwa karibu miaka 30 kabla ya kuandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2022.

Mwenye tovuti na ayazingatie mambo mawili hapa. Roboti hufika kwa kufuata viungo, kwa hiyo ukurasa usiounganishwa na ukurasa mwingine wowote ni kama nyumba isiyo na njia. Tena, faili hilo dogo likiandikwa ovyo linaweza kuifungia mlango tovuti nzima pasipo mwenyewe kujua. Mwaka 2005 Google ilianzisha utaratibu wa ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani ambayo mwenye tovuti huikabidhi kwa injini, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali. Kwa namna fulani, wazo la kujieleza mwenyewe lilirudi kwa mlango wa nyuma.

Kupangwa: kutoka neno hadi kura

Kupata kurasa ni nusu ya kazi. Kurasa elfu kumi zikilingana na ombi moja, ipi itangulie? Yahoo, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Jerry Yang na David Filo, ilitegemea watu waliosoma tovuti na kuziweka katika makundi, kama wakutubi. Injini nyingine, miongoni mwao AltaVista ya mwaka 1995, zilipima zaidi maneno: ukurasa unaolitaja neno mara nyingi na mahali pa maana ulipanda. Haikuchukua muda kwa wajanja kugundua kwamba wangeweza kulirudia neno mara mia kwa rangi ile ile ya mandhari ya ukurasa, mashine ilione na msomaji asilione. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba, kwa mujibu wa tasnifu fupi iliyoandikwa na Sergey Brin na Larry Page wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1998, mnamo Novemba 1997 ni injini moja tu kati ya nne kubwa za kibiashara iliyoweza kujitaja yenyewe ndani ya matokeo 10 ya kwanza pale jina lake lilipotafutwa.

Dawa waliyoipendekeza Brin na Page ilitokana na desturi ya wanazuoni. Tangu miaka ya 1960, Eugene Garfield alikuwa akichapisha faharisi ya marejeleo ya kisayansi, iliyoonyesha ni makala zipi zimetajwa na nani. Makala inayotajwa na wengi ilidhaniwa kuwa na uzito. PageRank ililihamishia wazo hilo katika wavuti: kiungo ni kura, na kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Wanaotajwa sana huonekana sana, na wanaoonekana sana hutajwa zaidi. Mwenye nacho huongezewa.

Katika kiambatisho cha tasnifu hiyohiyo, waandishi walionya kwamba injini inayoendeshwa kwa fedha za matangazo itaelekea kuwapendelea watangazaji dhidi ya watafutaji. Mwaka 2000 kampuni yao ilianzisha mfumo wa kuuza matangazo kandokando ya matokeo, na humo ndimo utajiri wake ulimotoka. Msimamo wa kampuni ni kwamba malipo hayabadilishi nafasi katika matokeo ya kawaida. Hata tukiukubali, tangazo hukaa juu ya matokeo hayo, na ukurasa wa kwanza una nafasi yenye kikomo.

Kura nazo zikaanza kuuzwa. Yakazuka masoko ya viungo, na injini zikajibu kwa kubadilisha kanuni. Badiliko la Novemba 2003, lililobandikwa jina la Florida, liliwaporomosha wafanyabiashara wengi wadogo karibu na msimu wa Krismasi. Lile la Februari 2011, liitwalo Panda, kwa maelezo ya kampuni yenyewe liligusa asilimia 11.8 ya maombi ya utafutaji nchini Marekani. Hapa ndipo ulipo mzizi wa malalamiko ya "jana nilikuwepo, leo sipo". Kanuni zinabadilika, haziwekwi wazi zote kwa hofu ya wadanganyifu, na asiye na hatia huadhibiwa pamoja na mwenye hatia bila kusomewa mashtaka.

Je, ni maoni au ni mamlaka?

Aliyeshushwa akashtaki wapi? Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni iitwayo Search King dhidi ya Google. Mlalamikaji alidai kwamba nafasi yake ilikuwa imeshushwa kwa makusudi. Mahakama ilitupilia mbali dai hilo kwa hoja kwamba nafasi anayopewa mtu ni maoni ya injini kuhusu umuhimu wa tovuti, na maoni yanalindwa na katiba.

Juni 2017 Tume ya Ulaya ililitazama jambo hilohilo kwa jicho jingine. Iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipa huduma yake ya kulinganisha bei nafasi ya juu huku ikiwashusha washindani. Ushahidi uliotolewa unapaswa kufahamika kwa kila mwenye tovuti: matokeo 10 ya ukurasa wa kwanza hupata takriban asilimia 95 ya mibofyo yote, na tokeo la kwanza la ukurasa wa pili hupata karibu asilimia 1 tu. Mshindani aliyepangwa vizuri kuliko wenzake alionekana, kwa wastani, katika ukurasa wa nne. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliithibitisha faini hiyo Septemba 2024. Mwezi mmoja kabla yake, mahakama ya Washington ilikuwa imeamua kwamba Google imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Katika shauri hilo ilidhihirika kuwa mwaka 2021 pekee kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe injini ya kwanza katika simu na vivinjari vya watu.

Barani kwetu, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilichunguza masoko ya mtandaoni na kutoa ripoti yake mwaka 2023. Ilibaini kwamba nafasi za juu katika utafutaji huwanufaisha wakubwa wa kimataifa, na miongoni mwa hatua ilizozitaka ni kuweka alama ya kuyatambulisha majukwaa ya Afrika Kusini katika matokeo. Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, huu ni ushahidi kwamba chombo cha Kiafrika kinaweza kuuliza na kikajibiwa.

Sisi na faharisi yetu

Lugha yetu ina ugumu wake. Mbinu mashuhuri ya kuyafupisha maneno ya Kiingereza, iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980, hukata mwisho wa neno ili maumbo yake yahesabiwe pamoja. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni: kusoma, anasoma, tulisoma, wasomaji. Mashine iliyofundishwa kukata mikia huyaona hayo kuwa maneno manne yasiyo na udugu. Injini za sasa zina mbinu zaidi ya hiyo, lakini funzo linabaki kwamba zana hujengwa kwanza kwa ajili ya lugha ya mjenzi.

Yapo, hata hivyo, yasiyohitaji ruhusa ya yeyote. Waraka wa umma uliopigwa picha na kupandishwa bila maandishi yake ni mgumu kusomwa na mashine, na ni mgumu zaidi kwa raia asiyeona. Ripoti inayobadilishiwa anwani kila tovuti inapopambwa upya hupoteza viungo vyote ilivyovikusanya. Ukurasa wenye kichwa "Nyaraka 3" hauwezi kumjibu mwananchi anayetafuta ada ya kupima kiwanja. Kurekebisha haya ni wajibu wa kiutumishi, na hakuna kampuni ya kulaumiwa.

Kisha kuna suala la kura. Wanazuoni wa Afrika Mashariki tuna mazoea ya kurejelea kilichoandikwa London au Boston kuhusu Kilosa kabla ya kilichoandikwa Morogoro. Asasi zetu huweka kiungo cha ripoti ya mfadhili na kuisahau ya asasi jirani. Kisha tunashangaa kwamba mtu akitafuta habari zetu anasimuliwa na wengine. Ikiwa kiungo ni kura, basi wengi wetu hatujapigiana.

Kwa hiyo, mwenye tovuti anayeuliza mbona haonekani na aanze kwa kuuliza kama ameingizwa. Akikuta hakuingizwa, afungue mlango, aandike maandishi, ajenge njia. Akikuta ameingizwa lakini amewekwa mbali, hapo swali lake si lake peke yake. Ni la wabunge, mamlaka za ushindani na vyuo vikuu, nao wanapaswa kuulizwa ni nani aliyepewa dhamana ya kuipanga kumbukumbu ya umma, na anawajibika kwa nani.